Kiu ya akili: Budha, mageuko na dakika kumi za kukaa kimya

Swali limetoka kwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Amekutana na hoja kwamba Budha, miaka karibu 2,500 iliyopita, aliona kile ambacho saikolojia ya mageuko, elimu inayoieleza akili kwa uteuzi asilia, inakisema leo: akili ya binadamu haikuundwa ili iridhike. Anauliza kama ni kweli sayansi imeuthibitisha Ubudha. Amejaribu pia kutafakari dakika 20 kila usiku kitandani, lakini mawazo yanamkimbia, anasinzia, goti la kulia linamuuma, na mara mbili amepata kizunguzungu. Ni muumini wa dini nyingine na hataki kuvuka mpaka wa imani yake. Mwisho anataka kujua kama anaweza kuwafundisha wanafunzi wake.

Mwalimu,

Sayansi haijauthibitisha Ubudha, na anayesema imeuthibitisha ametia chumvi. Ukweli ni mdogo kuliko hapo, ila una uzito wake. Sehemu moja ya mafundisho ya Budha, ile inayoeleza jinsi tamaa inavyozaliwa kutokana na hisia, inaoana vizuri sana na tunachokijua kuhusu namna ubongo unavyojifunza. Mafundisho yake kuhusu nafsi yanaoana kwa kiasi. Kuzaliwa upya, karma (matendo kuzaa matunda yake baadaye) na nirvana (kuzimika kwa kiu na mateso) havijapimwa na maabara haina chombo cha kuvipima. Mazoezi yenyewe yana faida ya wastani, inayopimika, kwa baadhi ya watu na kwa baadhi ya matatizo. Shida unazozipata ukikaa kutafakari zinaeleweka vizuri zaidi ukishaishika hiyo sehemu ya kwanza, kwa hiyo tuanzie hapo.

Utamu unaohama

Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo, na wenzake walipima seli za dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, katika ubongo wa kima kwa waya mwembamba unaonasa umeme wa seli moja moja. Kima akipewa tone la juisi asilolitarajia, seli hizo zinafyatuka kwa wingi. Kisha ikawekwa ishara inayotangulia juisi, kwa mfano taa. Kima alipokwisha kuzoea, mfyatuko ulihama: sasa ulitokea taa inapowaka, na juisi ilipofika mdomoni seli ziliendelea na mwendo wake wa kawaida kana kwamba hakuna kilichotokea. Taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zilinyamaza kwa muda mfupi, palepale juisi ilipopaswa kufika. Makala iliyoyaunganisha matokeo hayo na nadharia ya kujifunza ilichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Science, Schultz akiwa pamoja na Peter Dayan na Read Montague.

Angalia kilichotokea kwa juisi. Ni ileile, sukari ileile, lakini seli haina tena habari nayo, kwa sababu kazi yake si kupima utamu. Inapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kinachozoeleka hakina tofauti, hivyo hakina mfyatuko. Mwalimu wa baiolojia ataona mara moja kwa nini uteuzi asilia ungeuacha mfumo wa namna hii uendelee: mnyama ambaye tunda moja lingemtosheleza mwezi mzima asingeondoka chini ya ule mti, na yule aliyekuwa na njaa tena jioni ndiye aliyeacha watoto wengi. Raha inapaswa kuonekana kubwa kabla, kisha iishe haraka baada ya kupatikana.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan aliongeza jambo jingine. Panya walioondolewa karibu dopamini yao yote waliacha kula, wangeweza kufa njaa chakula kikiwa mbele yao. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo kama panya wengine. Kutaka na kufurahia ni mifumo miwili tofauti. Unaweza kukitaka kitu kwa nguvu ambacho hata hakikupi raha tena, kama anavyojua mtu anayepitisha kidole kwenye simu saa sita usiku.

Sasa msikilize Budha. Katika mafundisho yake kuna mnyororo ambao vitabu vya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, vinaurudia mara nyingi: kunatokea mguso kati ya kiungo cha fahamu na kitu, mguso unaleta hisia, *vedana*, hisia inaleta kiu, *tanha*, kiu inaleta kung'ang'ania. Vedana ni ya aina tatu tu: tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Haijawa bado hasira wala mapenzi wala huzuni. Ni ile rangi ya kwanza inayokuja na kila sauti, harufu, wazo na maumivu, kabla hujaamua lolote. Mnyororo wenyewe ni mrefu, lakini mafundisho ya mazoezi yanakazia sana kiungo kilichopo kati ya hisia na kiu. Hisia itakuja upende usipende. Kiu inaweza kuonwa inapoanza, na ikionwa mapema mara nyingi haikui.

Huo ndio msingi wa jibu langu lote: hisia ni pendekezo la mwili lililopangwa kwa maslahi ya uzazi, si ripoti sahihi kuhusu kitu kilichoko mbele yako, na kutafakari ni kujizoeza kuliona pendekezo kabla ya kulitii.

Wasiwasi nao una mantiki hiyohiyo. Randolph Nesse, daktari wa magonjwa ya akili aliyeingiza fikra za mageuko katika tiba, aliueleza kwa mfano wa king'ora cha moshi: kinachopiga kelele mkate ukiungua kinavumilika, kinachonyamaza nyumba ikiungua hakivumiliki. Weka hesabu ubaoni. Tuseme kukimbia kishindo cha majani kunagharimu kalori 200, na kukamatwa na simba ni hasara sawa na kalori 200,000. Gawanya: inafaa kukimbia kila uwezekano wa simba unapozidi 1 kwa 1,000. Maana yake, katika mpaka huo, mara 999 kati ya 1,000 utakimbia bure, na mfumo wako utakuwa unafanya kazi sawasawa kabisa. Mtu mwenye moyo unaodunda kabla ya kikao na mkuu wa shule hana hitilafu. Ana king'ora kilichowekwa kwa bei za zamani.

Hapa lazima niweke breki. Saikolojia ya mageuko ina matawi yenye mizizi na mengine yanayoelea. Schultz na Berridge walipima seli na panya, hayo yamesimama. Hesabu ya king'ora ni hoja ya kimantiki, nzuri, inayoungwa mkono na mambo mengi. Lakini hadithi za kwamba tabia fulani ya leo ilitokana na maisha fulani ya mbugani mara nyingi hazina namna ya kukanushwa, na wanabiolojia Stephen Jay Gould na Richard Lewontin waliliandika onyo hilo mapema, mwaka 1979. Si kila sifa ya kiumbe iliteuliwa kwa kazi fulani. Nyingine ni matokeo ya pembeni tu, kama mabaki ya ujenzi. Na Budha mwenyewe hakuzungumzia mageuko. Alieleza mateso kwa kutojua, na lengo lake lilikuwa kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa, jambo ambalo ni kubwa na tofauti kabisa na kupunguza msongo wa kazi. Anayemgeuza kuwa mwanasayansi wa karne ya 21 hamtendei haki.

Nafsi inayosimulia

Kuhusu nafsi nitapita haraka, ingawa watu hupenda kubishana hapa. Hotuba ambayo mapokeo yanaihesabu kuwa ya pili ya Budha, aliyoitoa karibu na Varanasi, inachukua mafungu matano yanayomuunda mtu: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya akili na fahamu. Kwa kila moja anauliza swali lilelile: kama hili lingekuwa nafsi yako, si ungeweza kuliamuru liwe hivi, lisiwe vile? Huwezi, basi usiliite lako.

Mtafiti wa ubongo Michael Gazzaniga alichunguza wagonjwa ambao daraja kati ya nusu mbili za ubongo lilikatwa ili kutibu kifafa. Mmoja alionyeshwa mguu wa kuku upande unaofika nusu ya kushoto, na mandhari ya theluji upande unaofika nusu ya kulia. Alipoambiwa achague picha zinazohusiana, mkono mmoja ulichagua kuku, mwingine sepetu. Alipoulizwa kwa nini, nusu ya kushoto, ile yenye lugha na ambayo haikuiona theluji, ilijibu bila kusita kwamba sepetu ni ya kusafishia banda la kuku. Wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson waliona kitu cha aina hiyo mwaka 1977 kwa watu wenye ubongo mzima: wanunuzi walipangiwa jozi nne za soksi ndefu za wanawake, zote sawa kabisa, wengi wakachagua ya mwisho kulia, kisha wakasifia ufumaji wake.

Matokeo hayo yanaonyesha kwamba msimulizi wa ndani mara nyingi hutunga sababu baada ya tendo. Hayaonyeshi kwamba nafsi haipo. Kwa faida ya mazoezi, inatosha kujua kuwa sauti inayosema "siwezi kutafakari, mimi sina utulivu" ni ya msimulizi huyohuyo.

Ushahidi kuhusu mazoezi

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha kozi, ambayo leo ni ya wiki 8, kwa wagonjwa wa maumivu sugu na msongo. Aliondoa ibada akabakiza kukaa, kutembea na kuupitia mwili kwa makini. Tafiti nyingi unazozisikia zinahusu kozi hiyo au jamaa zake.

Mapitio yaliyoheshimika ni ya mwaka 2014, yaliyoongozwa na Madhav Goyal wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani: majaribio 47, washiriki 3,515. Wasiwasi, sonona na maumivu vilipungua kwa kiasi kidogo hadi cha kati, ukubwa wa matokeo ukiwa karibu 0.3 hadi 0.4, kwa kipimo ambacho 0.2 huhesabiwa kidogo na 0.5 cha kati. Ni nafuu ya kweli. Lakini hayakupata ushahidi kwamba kutafakari kunashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Kwa watu ambao sonona imewarudia mara kadhaa, ushahidi ni imara zaidi: jaribio la Uingereza lililoongozwa na Willem Kuyken, lililochapishwa 2015 katika jarida la tiba la The Lancet, lilifuatilia watu 424 kwa miaka miwili. Ugonjwa uliwarudia asilimia 44 ya waliofanya kozi huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa, na asilimia 47 ya walioendelea na dawa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema mmoja ameshinda.

Dai moja ulitupe: kwamba wiki 8 zinakuza ubongo. Utafiti mdogo wa 2011, wenye watu 16 kwenye kozi, ulileta habari hiyo na ikaenea. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, lilirudia kwa watu zaidi ya 200, kwa kupanga makundi kwa bahati nasibu, na halikuona mabadiliko ya umbo la ubongo. Matokeo yanayohusu watawa waliotafakari kwa saa 10,000 na zaidi ni habari nyingine, wala hayakuhusu wewe na mimi wa dakika kumi kwa siku.

Sasa kukaa kwako

Kwanza hama kitandani. Mwili wako umefundishwa kwa miaka kwamba mahali pale na saa ile ni pa kulala, nao unatii. Kaa asubuhi kabla ya chai, au jioni ukishatoka kazini na kabla ya chakula. Anza na dakika 10, zisiwe 20. Weka simu hali ya ndege, tega mlio.

Goti. Kiungo cha goti kimeumbwa kukunja na kukunjua. Kinachozunguka ni nyonga. Ukikunja miguu sakafuni na nyonga zikiwa zimekaza, mzunguko unaokosekana nyongani unalazimishwa kwenye goti, na hapo unaumiza gegedu na kano zinazoshikilia kiungo. Inua makalio sentimita 10 hadi 15 kwa blanketi lililokunjwa gumu, mpaka magoti yawe chini kuliko nyonga, na liwekee kitu goti linaloning'inia. Au kaa kwenye kiti cha kawaida: nyayo zote sakafuni, mgongo umeachana na egemeo, mikono juu ya mapaja. Kiti hakipunguzi chochote. Ganzi ya mguu inayoisha dakika moja au mbili baada ya kusimama ni neva iliyobanwa kidogo. Mguu ukibaki dhaifu, mkao huo uache kabisa. Maumivu makali ya ndani ya goti usiyatafakari. Sogea.

Kizunguzungu huenda kinatokana na kuvuta pumzi ndefu kwa makusudi. Ukipumua kuliko mahitaji, kaboni dayoksaidi katika damu inashuka, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinachonyota. Katika zoezi hili pumzi haiongozwi. Iwe fupi, iwe ndefu, iwe inakwamakwama, unaiacha hivyo na kuitambua tu. Maelekezo ya kale yanasema hivyohivyo: akivuta ndefu anajua anavuta ndefu, akivuta fupi anajua anavuta fupi.

Utaratibu ni huu. Dakika ya kwanza, sikia uzito: nyayo, makalio, mikono. Kisha chagua sehemu moja ambapo pumzi inasikika wazi, tundu za pua au tumbo, na usihame mpaka mlio. Mwisho wa kila pumzi inayotoka hesabu moja, mbili, hadi kumi, rudi moja. Ukijikuta kumi na saba, au hujui ulipofika, rudi moja bila kesi. Baada ya wiki mbili hivi acha kuhesabu, ubaki na pumzi tupu.

Mawazo yatakimbia. Wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250 kupitia simu zao, kwa nyakati zisizotabirika, wanafikiria nini, asilimia 46.9 ya majibu yalionyesha akili ilikuwa mbali na kazi iliyoko mkononi. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya ubongo. Katika dakika 10 unaweza kupotea mara 30. Kila unapogundua umepotea, umefanya zoezi mara moja. Aliyepotea mara 30 na kugundua mara 30 amefanya kazi kubwa kuliko aliyeelea kwenye njozi tamu akidhani ametulia.

Na hapa ndipo wengi wanaporuka hatua. Ukigundua umepotea, usikimbilie pumzi. Taja kimoyomoyo kwa neno moja ulikokuwa: mipango, kumbukumbu, sauti, maumivu. Mtindo huu wa kutaja ulienezwa sana na mtawa wa Burma, Mahasi Sayadaw, katika karne ya 20. Kisha uliza: ilikuwa tamu, chungu, au katikati? Sekunde mbili zinatosha. Ndipo urudi. Baada ya siku kadhaa utaanza kuona kwamba wazo halikukuteka kwa hoja zake. Lilikuteka kwa utamu au uchungu wake. Wazo la deni lilikuja na uchungu kifuani, na akili ikaanza kupiga hesabu ili uchungu uondoke. Ukishauona uchungu wenyewe, hesabu inaweza kusubiri saa ya hesabu.

Zoezi zuri la kuliona hili kwa karibu ni mwasho. Utakuja tu, puani au shingoni. Usijikune mara moja. Peleka makini palepale: unachoma, unachezacheza, unahama? Una kingo? Utagundua vitu viwili vilivyokuwa vimeshikana: mwasho ngozini, na msukumo wa kutaka uishe, ambao mara nyingi uko mkononi, begani, hata kwenye taya lililokaza. Wa kwanza ni vedana, wa pili ni kiu. Legeza taya na bega uone mwasho unabaki na nini. Mara nyingi unapanda, unafika kilele, unashuka ndani ya dakika moja au mbili. Usiposhuka, jikune, ila polepole, ukijua unajikuna.

Usingizi ukija, kwanza jiulize umelala saa ngapi jana; mwenye deni la usingizi dawa yake ni kulala. Kama umelala vya kutosha, Budha alimpa mwanafunzi wake Moggallana orodha ambayo hadi leo inafanya kazi: badili unachokizingatia, vuta masikio na usugue viungo, simama ukanawe macho kwa maji na utazame nyota, iwazie nuru, tembea huku na huku, yote yakishindikana, lala kwa ubavu wa kulia, ukiweka nia ya kuamka. Mimi ningekuanzishia kwenye kutembea. Chagua hatua 10 hadi 15 chumbani au uani, tembea taratibu ukisikia mguu unainuka, unasogea, unatua, geuka, rudi. Mtu mchovu au mwenye wasiwasi mwingi mara nyingi anafaidika zaidi na kutembea kuliko kukaa, na sielewi kwa nini waalimu wengi wanachukulia kutembea kama zoezi la pembeni.

Wiki mbili za kwanza, dakika 10 kwa siku. Wiki mbili zinazofuata, 15. Baada ya hapo 20, ukitaka. Kozi ya Kabat-Zinn kwa asili inadai karibu dakika 45 nyumbani siku sita za wiki, kwa hiyo usitarajie matokeo ya tafiti hizo kutoka kwenye dakika zako 10. Tarajia kuujua mchezo wa akili yako vizuri zaidi.

Kuna shimo moja ambalo nataka ulione kabla hujafika. Siku moja, labda wiki ya pili, utulivu utakuja wenyewe, mtamu kweli. Kesho yake utakaa ukiusubiri, usije, na utaamka na kinyongo. Ni kima, taa na juisi: umetarajia, haikuja, seli zimenyamaza. Watu wengi huacha kutafakari siku hiyo wakidhani wamerudi nyuma. Kinyongo chenyewe ndicho cha kutazamwa: chungu, kifuani, na kiu ya jana.

Nje ya kikao, simu ndiyo uwanja bora. Mlio wa ujumbe ni ile taa. Ukisikia, acha mkono ulipo kwa pumzi tatu, sikia hamu iko wapi mwilini, ndipo uchukue simu kama bado unaitaka. Utafiti wa Judson Brewer wa 2011 ulitumia njia kama hii kwa wavuta sigara 88, na matokeo yalikuwa mazuri: wiki ya 17 asilimia 31 walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 6 kwenye mpango wa kawaida. Hata hivyo mapitio makubwa ya 2022 ya Cochrane, mtandao unaopima ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha tafiti nyingi hayakuona faida ya wazi. Jaribu kwa hamu ndogo, usiitegemee peke yake kwa uraibu mzito.

Nani asikae peke yake

Mapitio ya tafiti 83 yaliyochapishwa 2020 yalikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya washiriki walipata athari mbaya, zaidi wasiwasi na sonona. Aliyewahi kupata saikosisi (hali ya kuona au kuamini mambo yasiyo ya kweli), mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, au aliyepitia ukatili au ajali inayomrudia kwa picha, aanze chini ya uangalizi wa mtaalamu wa afya ya akili, macho wazi, makini yakiwa kwenye nyayo badala ya pumzi, dakika 5. Pumzi iko kifuani, na kifua ndiko hofu inakokaa. Dalili za kusimama mara moja: kukosa usingizi huku una nguvu zisizo za kawaida, kujiona uko nje ya mwili au dunia si ya kweli kwa saa nyingi baada ya kikao, hofu kuu inayojirudia. Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu umeanza kutafakari. Na kozi za kimya za siku 10, zenye takriban saa 10 za kukaa kwa siku, si mahali pa kuanzia.

Kuhusu imani yako: kuhesabu pumzi hakuna dua, hakuna jina linaloitwa, hakuna anayeabudiwa. Ukienda hekaluni ni jambo jingine. Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na Uganda kuna kituo karibu na Entebbe kilichoanzishwa na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, mwaka 2005. Huko utakuta watu wakiinama mbele ya sanamu, wakitamka kumkimbilia Budha, mafundisho yake na jumuiya, na kushika amri tano, kuanzia kutoua. Kama dhamiri inakusumbua, muulize kiongozi wako wa dini ukimweleza zoezi lenyewe lilivyo. Ila heshima inanidai niseme: makini hii ni sehemu ya saba kati ya nane za njia ya Budha. Nyingine zinahusu usemi, matendo, riziki ya halali. Tiba ya kisasa imechukua kipande, na kipande kinafaa, lakini Mbudha akikuambia kwamba mtu anayetafakari asubuhi na kudanganya mchana amekosa kiini cha mambo, ana haki.

Wanafunzi

Usiwafanyie darasa zima kwa lazima. Uingereza ilijaribu jambo hilo kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 wa umri wa kuanzia miaka 11, kwa walimu waliopewa mafunzo, na matokeo ya 2022 hayakuonyesha faida kuliko masomo ya kawaida ya stadi za jamii na hisia. Wengi hawakufanya mazoezi nyumbani, na kwa waliokuwa tayari na dalili za matatizo ya akili kulikuwa na viashiria kwamba halikuwafaa. Ukitaka kuwaonjesha, iwe hiari: dakika 3, macho wazi, nyayo sakafuni, asiyetaka asome kitabu chake, na kamwe isiwe adhabu ya darasa lenye kelele. Mwanafunzi akianza kulia au kutetemeka, msimamishe, mtoe nje akatembee na mwenzake, kisha umfikishe kwa mwalimu wa ushauri na unasihi siku hiyohiyo. Majaribio ya kima na hesabu ya simba unaweza kuyafundisha wote bila hofu, kwenye kipindi chako cha mageuko.